Mtihani wa Darasa la Saba na Swali la Haki

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika kila mwaka mwezi Septemba katika shule zote za Tanzania Bara zenye darasa la saba. Katika kata ya Ihanja, wilayani Ikungi, mkoani Singida, Septemba ni kiangazi kikavu. Mtama, uwele na alizeti vimekwisha kuvunwa, mvua za msimu hazitarajiwi kabla ya Novemba au Desemba, na kazi ya kutafuta maji imezidi, hasa kwa wasichana. Katika muundo wa miaka ya karibuni mtahiniwa hujibu mitihani sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila mtihani una alama 50, na jumla yake ni 300. Aliyepata alama 121 au zaidi amefaulu kwa daraja A, B au C. Aliyepata 120 amefeli.

Namba hizo zikishatoka hubebeshwa mambo mengi. Mzazi huzisoma kama habari ya akili ya mwanawe, jirani huzisoma kama habari ya malezi ya nyumba ile, na ofisi ya elimu huzisoma kama habari ya bidii ya walimu. Wapo pia wanaozisoma kama majaliwa, yaani kwamba kila mtu amepewa fungu lake na Mungu na mtihani umelifunua tu. Kila usomaji wa namna hii umebeba dai la kimaadili au la kidini ambalo mtunga mtihani hakuliweka humo. Yeye aliuliza maswali ya Hisabati. Walio nje ya chumba cha mtihani wakajipatia jibu la swali la haki. Kwa hiyo inafaa kuuliza ni nini hasa kinachothibitishwa na alama za mtoto wa Ihanja, na ni nini kisichoweza kuthibitishwa nazo.

Mazoea ya kuyachukulia matokeo kama hukumu juu ya mtu yametokana na uchache wa nafasi. Enzi za ukoloni watoto walichujwa darasa la nne, na wachache waliobaki wakachujwa tena darasa la nane. Baada ya uhuru mchujo uliendelea, kwa kuwa shule za sekondari zilikuwa chache mno. Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Katika miaka ya 1970 na 1980, kati ya watoto kumi waliomaliza darasa la saba, hata mmoja hakuwa na uhakika wa kupata nafasi katika sekondari ya serikali. Watu hawakuuliza kama mtoto amefaulu, waliuliza kama amechaguliwa.

Mwalimu Nyerere aliuona mzigo huo mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Machi 1967, alieleza kwamba mtihani unapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliopangwa, na kwamba hauna namna ya kupima tabia ya mtu wala moyo wake wa kuwatumikia wenzake. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha yatakayomkuta akibaki kijijini, kwa maana walio wengi wangebaki. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifuata njia hiyo na kutaka kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Katika uteuzi wa kwenda sekondari ukatumika pia mgao wa mikoa na wilaya, hata mtoto akashindanishwa na wenzake wa mazingira yake. Mtoto wa Singida aliweza kuingia kidato cha kwanza kwa alama ambazo zingemwacha nje mtoto wa mkoa uliokuwa na shule za misheni tangu zamani. Wengi waliliona hilo kuwa dhuluma kwa aliyepata alama nyingi zaidi akaachwa, na malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi. Lakini mgao ule ulikiri jambo ambalo orodha moja ya taifa haikiri: alama 100 za mtoto mmoja na alama 100 za mwingine zinaweza kuwa zimetoka umbali tofauti kabisa.

Siku hizi hali ni nyingine. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, sekondari za kata zimeenea nchi nzima, na tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Aliyefaulu kwa kawaida hupata nafasi. Fikra za uchache zimebaki hata baada ya uchache wenyewe kupungua sana, na ndiyo sababu alama 120 bado hupokelewa nyumbani kama msiba.

Swali la kwanza, lililo chini ya mengine yote, ni la maarifa: je, alama zinaonyesha kwamba mtoto anajua? Tangu 2012 majibu ya darasa la saba husahihishwa kwa kompyuta. Mtahiniwa husiliba duara la herufi ya jibu alilochagua kwenye fomu maalumu, na mashine husoma weusi wa penseli. Katika muundo wa karibuni kila somo lina maswali 45, 40 ya kuchagua na matano ya majibu mafupi. Pale kila swali la kuchagua linapokuwa na machaguo matano, mtoto asiyejua lolote, akisiliba ovyo kutoka la kwanza hadi la 40, atapata kwa wastani maswali manane. Hizo alama nane hazimfikishi popote, lakini zinaonyesha tatizo ambalo Plato alilijadili zaidi ya miaka 2300 iliyopita katika mazungumzo yaitwayo Meno. Mtu anaweza kuwa na wazo la kweli bila kuwa na elimu. Anayekisia njia sahihi ya kwenda mji fulani atafika sawasawa na yule aliyewahi kuipita. Tofauti yao itaonekana siku njia itakapokatika, mmoja akaweza kueleza pa kuzungukia na mwingine akabaki amesimama. Mashine ya kusahihisha humwona yule aliyefika tu.

Tanzania ilipata ushahidi wa jambo hili kwa namna ya kuhuzunisha. Mwaka 2012 serikali ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa wamepita katika mtihani wa taifa, wakiwa na namba zilizosema wanajua. Tafiti za mpango uitwao Uwezo, zilizopima watoto majumbani mwao katika miaka hiyo hiyo, zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwenendo wa ufaulu wa taifa nao unafundisha tahadhari. Mwaka 2011 ulikuwa asilimia 58.28, mwaka 2012, kompyuta ilipoanza kusahihisha, ukaanguka hadi asilimia 30.72, mwaka 2013 ukapanda hadi 50.61, na mwaka 2024 ulifika 80.87. Hakuna taifa ambalo watoto wake hupoteza karibu nusu ya akili zao kwa mwaka mmoja na kurudishiwa sehemu kubwa mwaka unaofuata. Sehemu ya kilichopanda na kushuka ilikuwa kipimo chenyewe.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo huzungumzwa kidogo, nalo ni la mtoto anayejua lakini alama zake zinasema hajui. Viongozi wa mikoa ya kati na magharibi ya Tanzania wamelalamika mara kwa mara kuhusu wazazi wanaowaambia watoto wao wajifelishe. Sababu ni sare, madaftari na michango inayokuja pamoja na sekondari, au kazi za ndani mjini, au mahari. Msichana wa miaka 13 aliyeambiwa hivyo anaingia katika chumba cha mtihani akiwa amebanwa na amri mbili. Amefundishwa shuleni kwamba mtihani ni wajibu, na amefundishwa nyumbani, kanisani au madrasa kwamba kumtii mzazi ni ibada. Akisiliba majibu yasiyo sahihi kwa makusudi, fomu yake haitatofautiana na ya mwenzake ambaye hakuelewa swali. Wanatheolojia wa dini zote mbili wanakubaliana kwamba utii kwa mzazi una mpaka, na kwamba mzazi hana haki ya kuamuru dhuluma. Lakini kumtaka mtoto wa umri huo auone mpaka huo peke yake, siku hiyo, na penseli mkononi, ni kumtwisha mzigo wa watu wazima.

Kwa hiyo alama ni ushahidi wa maarifa, na ushahidi wenye thamani, lakini ni ushahidi unaohitaji shahidi wa pili. Mwalimu aliyeishi na mtoto miaka saba ndiye shahidi huyo, na mfumo unaomwacha kando humpoteza shahidi bora uliyekuwa naye.

Swali la pili ni gumu zaidi. Tuseme kipimo hakina kasoro, na mtoto amepata kile hasa anachokijua. Je, anastahili alama hizo? Mtoto wa Ihanja kwa kawaida huanza darasa la kwanza akiwa na Kinyaturu cha nyumbani. Kinyaturu na Kiswahili ni lugha za Kibantu, kwa hiyo mtoto hajitupi katika bahari asiyoijua kabisa, lakini hadithi anazosomewa, maelekezo ya mwalimu na maswali ya Hisabati yote yako katika lugha ya pili. Kiingereza kinakuja kama lugha ya tatu, ambayo nje ya darasa hana wa kuzungumza naye. Miaka ya karibuni somo hilo ndilo lililokuwa chini kuliko yote kwa ufaulu wa darasa la saba kitaifa, na ndiyo lugha ambayo wanaofaulu hupelekwa kufundishiwa masomo karibu yote ya sekondari. Mwenzake wa Dar es Salaam aliyesoma shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea anajibu mtihani wa kiwango kile kile. Hakuna kati yao aliyechagua pa kuzaliwa.

Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha haki cha mwaka 1971, alilipeleka jambo hili hadi mwisho wake. Alisema hata kipaji ni bahati, sawa na nyumba ya kuzaliwa, na hakuna mtu aliyefanya jambo lolote la kumstahilisha kuzaliwa na akili nyepesi. Hata moyo wa kujituma hutegemea sana malezi ambayo mtu hakuyachagua. Fikra hii ina nguvu, na inamvua kiburi aliyefaulu. Lakini ikipokelewa nzima nzima inaleta hasara, kwa sababu kama hata juhudi si ya mtu mwenyewe, basi hakuna la kumsifia mtoto wala la kumwonya, na mwalimu hana tena cha kumwambia mwanafunzi wake. Hakuna anayeweza kumlea mtoto akiamini hivyo.

Mapokeo ya dini yanayojulikana Singida, ambako Wakristo na Waislamu wanaishi kijiji kimoja na mara nyingi ukoo mmoja, yanatoa njia iliyo bora zaidi. Katika mfano wa talanta, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, bwana anawapa watumishi mitaji isiyolingana, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyepewa tano analeta tano zaidi, na aliyepewa mbili analeta mbili zaidi. Wasomaji wengi hukimbilia adhabu ya yule wa tatu aliyefukia, wakapita bila kuona kwamba sifa anazopewa wa kwanza na wa pili zinafanana neno kwa neno. Bwana yule hakuwapanga watumishi hao kwa nafasi, huyu juu na huyu chini. Alipima faida dhidi ya mtaji. Kurani nayo, katika aya ya mwisho ya sura ya pili, inafundisha kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya iwezavyo.

Hata hivyo dini hizi hazisemi kwamba matokeo si kitu. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kuna mafundisho kuhusu mwamuzi anayejitahidi kutafuta hukumu iliyo sawa: akipatia ana ujira mara mbili, akikosea ana ujira mmoja. Juhudi ya kweli ina ujira wake hata ikikosa, na usahihi una ujira wake juu ya juhudi. Mafundisho haya yanatenganisha mambo mawili bila kulifuta hata moja. Muuguzi wa zahanati anapopima dozi ya mtoto mchanga, mgonjwa hasaidiwi na ukweli kwamba muuguzi alisoma kwa taabu. Dozi lazima iwe sahihi. Mtihani una haki ya kuuliza kama jibu ni sahihi. Unapokosa haki ni pale unapotumika kusema kwamba aliyekosa hakujitahidi, au kwamba hana thamani, au kwamba Mungu hakumkusudia makubwa.

Ihanja ina sababu ya pekee ya kulikataa neno hilo la mwisho. Mwaka 1970 mwanaanthropolojia Harold Schneider alichapisha kitabu kuhusu uchumi wa Wanyaturu, baada ya utafiti aliofanya Singida. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba watu hawa ni wapiga hesabu makini: wanajua lini ziada ya nafaka igeuzwe mifugo, lini mifugo igeuzwe nafaka, na kila badilishano linabeba faida au hasara gani kwa msimu ujao. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoandikwa leo kuwa wamefeli Hisabati. Hesabu ya nyumbani haikuletwa katika karatasi ya mtihani, na mara nyingi haikuletwa hata darasani. Anayesema kwamba watu wa sehemu fulani hawana akili ya hesabu anakuwa amesoma alama bila kuwasoma watu.

Kabla ya mtihani, makanisa na misikiti mingi nchini hufanya sala na dua za kuwaombea watahiniwa. Ombi hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu maana yake hubadilika kulingana na kinachotangazwa. Enzi za nafasi chache, kuomba mtoto wako achaguliwe kulikuwa, upende usipende, kuomba mtoto wa mwingine aachwe. Kiti kilikuwa kimoja. Kufaulu kwa alama 121 hakuna ubaya huo. Watoto wote wa kata wanaweza kuvuka 121 bila hata mmoja kumsukuma mwenzake, na dua ya mama mmoja haipingani na dua ya jirani yake. Mara tu matokeo yanapogeuzwa kuwa nafasi, shule ya kwanza, ya pili, ya mwisho, upinzani ule unarudi. Katika orodha ya shule za halmashauri lazima awepo wa mwisho, hata kama shule zote zimefanya vizuri. Mtu mwenye imani anaweza kumwomba Mungu watoto waelewe. Ni vigumu zaidi kuona anavyoweza kumwomba kwamba shule ya kijiji cha pili iwe chini ya yake.

Hapo ndipo lilipo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na katika elimu moja ya hatua zake ilikuwa kuzipanga shule zote kwa matokeo ya mtihani wa mwisho na kuutangaza mpangilio huo, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Nia ilikuwa njema: mwalimu mkuu, kamati ya shule na wazazi waone shule yao ilipo, waone aibu au fahari, na wachukue hatua. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha kweli ufaulu. Waligundua pia kwamba mpango huo ulizifanya shule ziwaondoe baadhi ya wanafunzi katika darasa la mwisho, wasifike kwenye mtihani.

Hesabu yake ni nyepesi mno, na wepesi huo ndio hatari. Tuseme darasa lina watoto 50, na 25 kati yao watafaulu. Ufaulu ni asilimia 50. Watoto kumi dhaifu wakiondoka kabla ya Septemba, 25 wale wale kati ya 40 ni asilimia 62.5. Shule imepanda kwenye orodha, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi mpya. Kumpunguza mtahiniwa dhaifu hakuhitaji amri iliyoandikwa. Inatosha mtoro asifuatwe nyumbani, aliyekwenda kuchunga asiulizwe, aliyeshindwa arudishwe darasa mara ya pili hadi akate tamaa, na msichana aliyeacha kuja baada ya likizo asitajwe katika kikao. Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell alionya mwaka 1976 kwamba kadiri kipimo kinavyotumiwa kufanya maamuzi makubwa, ndivyo kinavyoharibika na kuharibu kile kilichokusudiwa kupimwa. Onyo lake lilihusu takwimu. Katika kata ya wafugaji na wakulima kinachoharibika kina jina na kina mama yake.

Mfano wa kondoo aliyepotea, katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, unasomwa makanisani kila mwaka, na jamii inayofuga inaelewa vyema hasara ya kumwacha mnyama porini. Mchungaji wa mfano ule anawaacha 99 na kumtafuta mmoja. Shule inayosukumwa na wastani inafanya kinyume kabisa: inamwacha mmoja ili takwimu za 99 zipendeze. Haiwezekani kuisifu hadithi ya Jumapili na kuukubali utaratibu wa Jumatatu kwa moyo mmoja. Walimu wanaoshiriki jambo hili kwa kawaida si wakatili. Wengi wana madarasa yaliyofurika, na wanajua kwamba kikao cha tathmini cha wilaya kitawauliza asilimia, hakitawauliza majina. Kosa lao ni la kweli, lakini aliyelipanda ni yule aliyeamua kwamba asilimia inatosha kuwa ushahidi wa kazi njema.

Udanganyifu ni tawi la mti huo huo. Katika matokeo ya mwaka 2011, watahiniwa 9,736 wa darasa la saba walifutiwa matokeo. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za kwingineko, baada ya mtihani kuvuja, na watoto wakarudia mtihani Oktoba mwaka huo. Mtihani wa darasa la saba hauvujishwi na mtoto wa miaka 13. Watu wazima ndio wenye funguo za stoo na ndio wenye aibu ya kuikwepa. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kwamba mwana abebe uovu wa baba yake, na Kurani inarudia mara kadhaa kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kwa kipimo hicho kufuta namba ya uongo ni haki, kwa sababu namba hiyo haikuwa kweli, na kumpa mtoto nafasi ya kurudia ni sehemu ya haki hiyo hiyo. Kumfungia mtoto njia kwa kosa la aliyemletea majibu ni kumbebesha mzigo usio wake.

Utaratibu wa kutangaza walioongoza umepungua nguvu. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani lilieleza kwamba halitatangaza tena shule bora na watahiniwa bora, kwa kuwa wanafunzi husoma katika mazingira yasiyolingana. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na sababu iliyotolewa ndiyo sababu ya haki hasa. Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo la 2023 imekwenda mbali zaidi: elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, hivyo darasa la saba lenyewe linaelekea kutoweka. Lakini matokeo ya kila shule yanaendelea kuwekwa hadharani, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuzipanga shule mwenyewe. Jina la mtihani likibadilika na maswali yanayoulizwa baada ya matokeo yakabaki yale yale, mtoto dhaifu wa darasa la sita atakuwa hatarini kama alivyokuwa wa darasa la saba.

Dawa moja haihitaji sheria mpya wala fedha. Kila shule ina daftari la uandikishaji. Kamati za shule za Ihanja, na za kata nyingine zote, zinaweza kuamua kwamba siku matokeo yanapobandikwa ubaoni, kando yake ibandikwe idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na hao waliofanya mtihani: wangapi walihama, wangapi walifariki, wangapi wamerudishwa darasa, wangapi waliacha na hakuna aliyewafuata. Asilimia ya ufaulu ihesabiwe kwa wote walioanza. Wazazi wanaokwenda kusoma matokeo wadai karatasi hiyo ya pili kabla hawajampongeza au kumlaumu mwalimu yeyote.